Jina la Kubuni na Mtu Aliye Hai

Watu wengi hudhani kwamba katika kazi zote za mtungaji wa mchezo wa sinema, iliyo nyepesi kabisa ni ile ya kuwapa watu wake majina. Kupanga matukio ni kazi. Kutunga mazungumzo ni kazi kubwa zaidi. Lakini jina, husemwa, ni neno moja tu, na maneno ni mengi. Mtungaji na aandike Juma au John, Asha au Anna, kisha ashike safari yake.

Dhana hii haisimami mbele ya historia. Katika karne ya 20 majina ya watu wa kubuni yalipeleka makampuni yenye nguvu mbele ya majaji, yalifanya filamu nzima iamriwe kuharibiwa, yaligeuza desturi ya uandishi katika Hollywood, tena yaliacha alama ambayo kila mtazamaji ameiona, japo hakuitia maanani. Alama hiyo ni maneno yale madogo yapitayo upesi juu ya pazia la sinema, yakisema kwamba watu wote wa mchezo ni wa kubuni, na kwamba akiwapo mtu aliye hai au aliyekufa anayefanana nao, basi kufanana huko ni sadfa. Maneno hayo yalienea kwa sababu ya kesi moja iliyoamuliwa London mwaka 1934. Ndani ya kesi hiyo mlikuwa na swali ambalo kila atungaye hana budi kulijibu: je, kulibadili jina la mtu ni kumbadili mtu mwenyewe?

Kabla ya kuingia mahakamani yafaa tutazame jina hufanya kazi gani katika mchezo. Mwandishi wa riwaya ana nafasi kubwa. Aweza kutumia ukurasa mzima kueleza nasaba ya mtu wake, mavazi yake na tabia zake. Mtungaji wa sinema hana nafasi hiyo. Mtazamaji hayaoni maelezo aliyoyaandika. Husikia tu watu wakiitana, aghalabu mara moja au mbili, katikati ya muziki na kishindo cha magari. Kwa hiyo jina lazima lishike sikio mara ya kwanza, lisichanganyike na jina la mwingine, tena lichukue mzigo wa habari ambazo hazikusemwa: umri, dini, nchi na cheo.

Mfano mwema ni Casablanca, filamu ya mwaka 1942. Ilitokana na mchezo wa Murray Burnett na Joan Alison, Everybody Comes to Rick's, ambao ulikuwa haujapata kuchezwa jukwaani ulipouzwa kwa Warner Bros. Katika mchezo ule, mwanamke arudiye ghafula kuutonesha moyo wa mwenye mkahawa alikuwa Mmarekani, jina lake Lois Meredith. Katika filamu akawa Ilsa Lund, mtu wa Norwei, naye akachezwa na Ingrid Bergman aliyekuwa Mswidi. Badiliko la maneno mawili likaipa hadithi uzito mpya. Norwei ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Wajerumani tangu 1940, na kwa hiyo mwanamke huyu hakuja tena na huzuni ya mapenzi peke yake. Alikuja na msiba wa taifa lake, wala haikuhitajiwa hotuba ya kuueleza.

Walakini katika filamu hiyo hiyo mna jina la pili lenye kutufunza jambo jingine. Mumewe Ilsa, shujaa wa upinzani, anasemwa kuwa ni Mcheki, na jina lake ni Victor Laszlo. Laszlo ni jina la Kihungari. Kwa Mmarekani aliyeketi ukumbini kosa hilo halikuwa kitu. Alisikia mlio wa Ulaya ya mbali, akaridhika. Kwa mtu wa Praha au wa Budapest mambo yalikuwa mengine. Jina lilichaguliwa kwa sikio la mtazamaji, si kwa sikio la mwenye nchi. Na hapa ndipo unapoanza mgogoro wote wa majina: jina la kubuni lina wasikilizaji wa namna mbili, wale wanaolipokea kama hadithi, na wale wanaosikia ndani yake habari zao wenyewe.

Mgogoro huo ulifika mbele ya sheria kabla sinema haijajifunza kusema. Mwezi Julai 1908 gazeti la Uingereza lililoitwa Sunday Chronicle lilitoa makala ya mzaha juu ya Waingereza wanaovuka bahari kwenda kustarehe Dieppe, katika Ufaransa. Mwandishi alimtaja mtu mmoja, Artemus Jones, mzee wa kanisa huko Peckham, ambaye nyumbani ni mcha Mungu na ughaibuni anaonekana na mwanamke asiye mkewe. Waliotoa gazeti walisema kwamba jina hilo lilibuniwa tu. Jones ni jina la maelfu ya watu; Artemus likaongezwa ili kunogesha kicheko. Kwa bahati mbaya alikuwako mtu wa kweli aliyeitwa Thomas Artemus Jones. Hakuwa mzee wa kanisa, wala hakukaa Peckham. Alikuwa wakili, tena zamani alikuwa ameliandikia gazeti hilo hilo. Rafiki zake walikwenda mahakamani wakasema kwamba waliposoma makala walidhani ni yeye. Juri, yaani raia walioapishwa kuamua, ikampa fidia ya pauni 1,750. Kesi ilipanda daraja kwa daraja hata Baraza la Malodi, na huko hukumu ikathibitishwa: haitoshi mwandishi kusema hakumkusudia mtu, linaloulizwa ni kama wasomaji wenye akili wangemtambua mtu huyo.

Tuitazame hukumu hii kwa makini. Mwandishi alikimbilia jina la ajabu, akidhani kwamba kwa kuwa ni la ajabu halina mwenyewe. Kumbe ugeni wa jina ndio uliomponza. Lau angaliandika John Jones, hapana Jones ambaye angaliweza kusema, "Ni mimi peke yangu." Jina lenye watu wengi huwaficha wote, jina lenye mtu mmoja ni kama kidole kinachonyoshwa.

Katika sinema ya kimya kulitokea kisa kilicho kinyume cha hicho. Mwaka 1922 kampuni ya Kijerumani ya Prana-Film ilitoa filamu Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau na kutungwa na Henrik Galeen. Hadithi ilichukuliwa katika riwaya ya Bram Stoker, Dracula, iliyotoka 1897, bila ya kupata ruhusa. Galeen alibadili majina. Dracula akawa Orlok, Harker akawa Hutter, Mina akawa Ellen, Renfield akawa Knock. Hata London ikaondoka mahali pake pakawekwa mji wa kubuni ulioitwa Wisborg. Majina yalikuwa mapya, lakini mifupa ya hadithi ilikuwa ya zamani, na filamu yenyewe ikitaja riwaya iliyokuwa asili yake. Florence Stoker, mjane wa mtungaji, alishitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala za filamu ziharibiwe. Hazikuisha zote, na ndiyo sababu filamu hiyo yaonekana hata leo na huhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa hiyo. Jina jipya halikuwa kinga ya kilichochukuliwa, kwa kuwa mtu wa hadithi hatambulikani kwa jina peke yake. Hutambulikana kwa nasaba yake, kwa mahali anapokaa, na zaidi ya yote kwa anayoyatenda na yanayomfika.

Sasa tumefika penye kesi ya 1934. Mizizi yake yaanza usiku wa kuamkia tarehe 30 Desemba 1916, katika mji wa Petrograd, alipouawa Grigori Rasputin, mtu wa shamba aliyejitia utawa na kupata nguvu ya ajabu katika nyumba ya Mfalme Nicholas II wa Urusi. Aliuawa nyumbani kwa Prinsi Felix Yusupov, kando ya mfereji wa Moika. Yusupov alikuwa kijana wa ukoo tajiri kupita kiasi. Mkewe, Irina, waliyeoana naye mwaka 1914, alikuwa mpwa wa Mfalme, mtoto wa dada yake. Miezi michache baadaye kiti cha ufalme kikaanguka. Yusupov na mkewe wakatoroka Urusi, wakakaa Paris kama wakimbizi wengine wa daraja lao, na mwaka 1927 Yusupov akachapisha kitabu ambamo alieleza mwenyewe jinsi alivyomwua Rasputin. Habari hiyo basi haikuwa siri. Dunia nzima ilijua nani aliyeua, na dunia nzima iliweza kujua nani mkewe.

Mwishoni mwa 1932 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilitoa filamu Rasputin and the Empress. Ilikuwa na fahari ya pekee kwa kuwa ndugu watatu mashuhuri, John, Ethel na Lionel Barrymore, walicheza humo pamoja. Aliyeandika mchezo ni Charles MacArthur. Rasputin aliitwa Rasputin. Mfalme na Malkia wakaitwa kwa majina yao, kwa kuwa walikwisha kufa. Tatizo lilikuwa kwa waliobaki hai. Mwuaji hakuitwa Yusupov. Aliitwa Prinsi Paul Chegodieff. Mchumba wake hakuitwa Irina, aliitwa Natasha. Kisha, ili kumpa mwuaji sababu ya kuua ambayo mtazamaji ataihisi moyoni, likatiwa tukio ambalo historia haikulijua: Rasputin anamwingilia Natasha na kumharibu. Jambo la namna hiyo halikupata kumfika Irina. Rasputin hakuwahi hata kuonana naye.

Mercedes de Acosta, mwandishi aliyeajiriwa na kampuni hiyo wakati mchezo ulipokuwa ukitayarishwa, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka 1960 kwamba aliwaonya wakubwa juu ya tukio hilo kwa kuwa wenyewe wako hai na watashitaki, akakataa kuliandika, naye akapoteza kazi. Na kana kwamba onyo hilo halikutosha, filamu yenyewe ilifunguliwa kwa maandishi yaliyowaambia watazamaji kwamba baadhi ya watu wa kisa hiki wangali hai, na wengine waliuawa. Kwa mkono mmoja kampuni iliwafunika watu majina. Kwa mkono wa pili ikawafunua.

Filamu ilipoonyeshwa London, Irina alifungua kesi huko. Ilisikilizwa mwanzoni mwa 1934 mbele ya Jaji Avory na juri. Sir Patrick Hastings alimsimamia mdai. Sir William Jowitt aliitetea kampuni. Hoja ya kwanza ya utetezi ilikuwa hiyo ya jina: Natasha si Irina. Mashahidi wakaja wakasema kwamba walipoitazama filamu walimwona Irina. Njia yao ilikuwa fupi mno: mwuaji wa Rasputin anajulikana, katika filamu mwuaji ni Chegodieff, basi Chegodieff ni Yusupov, na mwanamke wa Chegodieff ni mke wa Yusupov. Haikuhitajiwa kwamba jina lifanane hata kwa herufi moja. Tendo moja mashuhuri, yaani mauaji, lilikuwa jina tosha.

Hoja ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na kwayo kesi hii husomwa hata leo na wanafunzi wa sheria. Watetezi walisema kwamba, hata kama Natasha ni Irina, mwanamke aliyeingiliwa kwa nguvu hana lawama. Na asiye na lawama hakukashifiwa. Hoja hii kwa nje ni ya huruma, lakini ndani yake ni baridi. Majaji wa rufani, Scrutton, Greer na Slesser, waliikataa Julai 1934. Kumkashifu mtu si kumpa hatia tu. Ni pia kumtangazia jambo litakalowafanya watu wamwepuke, ijapokuwa yeye mwenyewe hakukosa. Waliijua dunia ilivyo, si ilivyopasa kuwa. Wakaamua pia kwamba kashfa ya filamu ni sawa na kashfa ya maandishi, kwa kuwa picha hudumu na huonekana kwa macho, haipotei hewani kama neno la mdomo. Fidia aliyopewa Irina na juri, pauni 25,000, ikabaki pale pale. Nayo ilikuwa mali nyingi sana kwa wakati ule. Madai yaliyokuwa Marekani kampuni ikayamaliza kwa mapatano nje ya mahakama.

Msomaji na asimame hapa kidogo apime jambo lililotokea. Filamu ilimwonyesha Yusupov akimwua mtu, na Yusupov hakuweza kulalamika, kwa kuwa ni kweli na alikwisha kukiri kitabuni. Sehemu ya kweli, ijapokuwa ni mauaji, haikuigharimu kampuni hata senti. Sehemu iliyoigharimu ni ile iliyotiwa kama viungo mchuzini, ili hadithi ikolee. Na aliyebeba gharama yake kwanza hakuwa mwuaji, bali mwanamke ambaye katika kisa cha kweli hakutenda lolote. Alikuwa amepoteza nchi, nyumba na jamaa. Sasa alikuwa akinyang'anywa na kilichobaki, yaani habari zake mwenyewe.

Baada ya hukumu hiyo makampuni ya filamu yalijifunza, walakini somo walilolishika si lile walilopaswa kulishika. Walilolishika ni kwamba filamu isiseme kuwa watu wake wako hai. Iseme kinyume chake. Ndipo yakaenea maneno yale ya kukana. Hapo mwanzo yalikuwa ngao ya halali kwa mtungaji aliyebuni kweli kweli, asije akakutwa na Artemus Jones mwingine. Baadaye yakabandikwa juu ya kila kitu, hata juu ya filamu ambazo kila mtu ajua zinamhusu nani. Na ngao inayovaliwa na wenye haki na wasio na haki sawasawa haimtambulishi tena mwenye haki.

Mwaka 1941 dunia ilipata ushahidi wa udhaifu wa ngao hiyo. Orson Welles alitoa Citizen Kane, aliyoiandika pamoja na Herman Mankiewicz. Mwenye magazeti katika filamu aliitwa Charles Foster Kane. Lakini kasri lake, magazeti yake na tamaa yake ya siasa vilimkumbusha kila Mmarekani tajiri wa magazeti William Randolph Hearst. Hearst hakwenda mahakamani. Magazeti yake yakakataa kuitangaza filamu. Jina Kane halikumdanganya yeyote, na yamkini halikukusudiwa kudanganya. Lilikusudiwa kumpa mtungaji nafasi ya kutembea: kuchukua kilicho kweli, kuongeza kisichokuwako, na kusema juu ya utajiri na upweke jambo ambalo maisha ya mtu mmoja hayatoshi kulisema.

Kwa upande wa pili, desturi ikakua ya kuchunguza majina kabla ya kupiga picha. Mswada hupelekwa kwa watu wenye kazi hiyo, nao hutafuta katika vitabu vya simu na orodha za wakazi kama yuko mtu mwenye jina hilo, katika mji huo, mwenye kazi hiyo. Robert Bloch alipoandika riwaya ya Psycho mwaka 1959, mwanamke anayeiba fedha na kuuawa aliitwa Mary Crane. Alfred Hitchcock alipoitengeneza filamu mwaka uliofuata, mwanamke huyo alifanywa mkazi wa Phoenix, na kwa kuwa huko walikuwako watu wa jina hilo, akaitwa Marion Crane. Herufi chache zilibadilika. Mtazamaji hakupoteza kitu, na mwanamke wa Phoenix aliyeitwa Mary Crane aliweza kwenda sokoni bila ya kuchekwa. Hiyo ndiyo heshima ndogo ambayo mtungaji aweza kumfanyia asiyemjua, na haimgharimu chochote isipokuwa subira.

Lakini iko namna ya tatu ya jina, ambayo haifichi wala haiogopi. Methali yetu husema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi." Charlie Chaplin aliyachagua matusi yake kwa uangalifu wa sonara. Katika The Great Dictator, filamu ya 1940, mtawala wa nchi ya Tomainia aitwa Adenoid Hynkel; rafiki na mshindani wake, Benzino Napaloni, atawala Bacteria; mawaziri wa Hynkel ni Garbitsch na Herring. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba hao ni Hitler, Mussolini, Goebbels na Goering. Mlio wa majina ulibaki karibu na asili, lakini maana ikashushwa hata kwenye takataka, samaki, vijidudu na uvimbe wa nyuma ya pua. Hapa badiliko la jina halikuwa kinga ya mwandishi; lilikuwa hukumu. Mtawala anayetaka jina lake litetemeshe watu huondolewa utisho kwa kubadiliwa jina tu.

Tena tazama upande wa pili wa filamu hiyo. Kinyozi Myahudi, ambaye Chaplin alimcheza pia, hana jina. Ni kinyozi tu. Mwenye mamlaka amepewa jina la kuchekesha, na mwenye kuonewa ameachwa bila jina ili awe kila mtu. Lakini msichana anayependana na kinyozi aitwa Hannah, na Hannah lilikuwa jina la mama yake Chaplin, aliyekufa 1928 baada ya maisha ya ufukara na maradhi. Basi katika mchezo mmoja mna jina la kudhalilisha, ukosefu wa jina wa kujumlisha, na jina la kuenzi. Asemaye kwamba jina ni neno tu ana deni la kueleza filamu hii.

Mambo haya yametukia mbali, walakini kwa watungaji wa Kiswahili si mageni. Fasihi yetu imepitia njia zake yenyewe za kutaja watu. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya 1951, alimwita mshitakiwa Karama na mshitaki wake Majivuno. Katika Adili na Nduguze, ndugu zake Adili ni Hasidi na Mwivu. Majina hayo humwambia msomaji tabia ya mtu kabla hajafungua kinywa. Yalimfaa mtu aliyetaka kusema juu ya dhuluma wakati wa utawala wa kikoloni: Majivuno hawezi kwenda mahakamani, kwani atakayesimama na kusema, "Huyo ni mimi," amekwisha kujihukumu. Miaka michache baadaye Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, ambaye jina lake fupi ni la mtu unayeweza kukutana naye barazani. Na msomaji mwenye jicho ataona kwamba herufi za Msa ni zile zile zinazoanza majina matatu ya mtungaji. Hapo mwandishi alimtoa mtu wa kweli mmoja tu, naye ni nafsi yake, aliye na haki ya kumtumia. Hata filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 hazikukosa kuchagua: moja aliyoicheza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, iliitwa Muhogo Mchungu, jina ambalo mtazamaji wa kwetu hulitambua kwa ulimi kabla ya kulitambua kwa akili.

Mwenye kuandika sinema kwa Kiswahili leo hawezi kuishi kwa majina ya sifa peke yake. Adili na Hasidi huenda vizuri katika hekaya; lakini kamera huonyesha mtaa wa kweli, duka la kweli na basi la kweli, na mtu aitwaye Hasidi akipanda basi hilo, watazamaji watacheka pasipo kucheka. Hana budi kutumia majina wanayoitwa watu. Na majina wanayoitwa watu kwetu yana mambo mengi ndani. Juma na Mwajuma hutaja siku ya kuzaliwa. Tabu, Shida na Mashaka hutaja hali ya nyumba siku ile. Pili hutaja nafasi katika uzazi. Jina la baba lifuatalo hutaja dini, na mara nyingi hutaja kabila na hata wilaya. Mwingereza alipobuni jina la Artemus Jones alimpata mtu mmoja. Mtungaji wetu aliyempa mwizi wa mchezo wake jina la kabila fulani, na mchawi jina la kabila lile lile, na mjinga wa kuchekwa tena hilo hilo, hakumkashifu mtu mmoja. Amekashifu maelfu, na hapana hata mmoja kati yao awezaye kwenda mbele ya jaji. Sheria ya kashfa humlinda Irina kwa kuwa Irina ni mmoja. Walio wengi hulindwa na insafu ya mwandishi tu.

Kwa sababu hiyo naona kwamba somo la 1934 ni pana kuliko lile walilolishika wanasheria wa makampuni. Wao waliuliza, "Tuandike nini ili tusishitakiwe?" Swali la mtungaji ni jingine: "Mtu huyu niliyemwumba, matendo yake ni ya nani?" Kama matendo ni ya kubuni, basi jina na lichunguzwe lisimwangukie mpita njia. Kama matendo ni ya mtu anayejulikana, jina la kubuni halitamficha. Na hapo wajibu wa mwandishi ni kutomwongezea yale asiyoyatenda na yasiyomfika, hasa mtu asiye na gazeti wala jukwaa la kujibia. Na kama mwandishi anataka kumwumbua mwenye nguvu, basi na afanye kama Chaplin: alibadili jina kwa namna ambayo kila mtu alijua limebadilishwa, na kwa nini.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Ukumbi wa sinema nao ni giza, na humo huonekana majina mema na mabaya sawasawa, makubwa kuliko wenyewe, mbele ya watu wasioweza kuwauliza wenyewe neno. Anayeyaandika majina hayo ameshika jambo ambalo si lake peke yake. Apewe muda wa kulifikiri, na asione haya akiambiwa kwamba siku nzima imepita naye amepata jina moja tu.